Kicheko cha Kibandani: Hofu ya Kuazima katika Filamu Zetu

Wahenga wetu walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Neno hilo hunenwa kwa watu wapendao fahari isiyo yao, lakini sisi leo twataka kulinena kwa filamu zetu, na hasa kwa zile ziitwazo filamu za kutisha, ambazo aghalabu zinapoonyeshwa mbele ya wananchi hazitishi, bali huchekesha.

Wako watakaouliza: je, jambo hili linastahili kuingizwa katika maandishi yahusuyo utamaduni wa Taifa? Jibu letu ni kwamba linastahili. Hofu ni sehemu ya utamaduni kama zilivyo ngoma, chakula na mavazi. Kila jamii huogopa kwa namna yake, na huwafundisha watoto wake nini cha kuogopa, lini, na kwa sababu gani. Mtoto wa pwani aliyelelewa kwa visa vya majini haogopi sawasawa na mtoto wa Iramba aliyelelewa akisikia mngurumo wa simba nje ya zizi. Basi, mtungaji anayechukua hofu ya nchi nyingine na kuivika wahusika wake amefanya jambo la kiutamaduni, apende asipende, na yafaa aulizwe.

Hoja yetu ni moja. Kasoro ya filamu zetu za kutisha si uchache wa fedha wala ubovu wa vyombo. Ni kuazima hofu. Na hatari yake kubwa haiko pale watazamaji wanapocheka. Iko pale wasipocheka.

Tuliyoyaona kibandani

Yapata miaka ishirini iliyopita, tukiwa safarini kikazi katika wilaya mojawapo ya Mkoa wa Singida, tuliingia jioni katika kibanda cha video. Kibanda chenyewe kilikuwa cha miti na maturubai. Ndani mlikuwa na mabenchi, runinga moja na deki moja, na watu wamebanana, vijana wengi, watoto waliotoroka nyumbani, na wazee wachache waliojidai kuwa wamewafuata watoto. Filamu iliyoonyeshwa ilikuwa ya Kiswahili, nayo ilitangazwa kuwa ya kutisha mno, hata wenye mioyo dhaifu walionywa wasiingie.

Kisa chake kilikuwa hiki. Kijana mfanyabiashara alimwahidi binti ndoa, akamhadaa, akamuua, na marehemu akarudi akiwa mzimu kudai haki yake. Kisa si kibaya. Haki ya aliyedhulumiwa ni jambo ambalo kila msikilizaji hulielewa. Lakini mzimu ulipotokea, ulikuwa umepakwa unga usoni hadi kwenye masikio, shingo ikaachwa rangi yake. Mkononi ulivaa saa. Sauti ya kilio chake ilikuwa imenyofolewa katika filamu ya Kimarekani, na baada ya kilio hicho yakasikika maneno mawili matatu ya Kiingereza ambayo mhariri alisahau kuyakata. Nyuma yake akapita mbwa, akasimama, akautazama mzimu bila hata kubweka, akaenda zake.

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi akasema kwa upole, "Huyu marehemu anajua saa ya kurudi." Kisha ikasikika sauti ya upepo mkali, vuuu, vuuu, ilhali majani ya mgomba yaliyoonekana nyuma ya mzimu yalikuwa yametulia tuli. Hapo kicheko kikazidi. Sisi watu wa Singida, nchi ya mawe na upepo, hatuhitaji kufundishwa na mtu upepo ukivuma huwaje.

Laiti mambo yangeishia hapo, tungetoka tumefurahi tukaenda kulala. Hayakuishia hapo, nasi tutarudi kusimulia yaliyofuata.

Mtazamaji wetu si mjinga

Kwanza twataka kukitetea kicheko hicho. Wako wasomi wanaokisikia wakasema, "Wananchi hawa hawana adabu ya sanaa." La hasha! Kicheko cha kibandani ni uhakiki. Ni hukumu inayotolewa papo hapo na baraza lisilohongeka.

Yafaa tukumbuke historia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, katika milima ya Usambara, pale Vugiri, Waingereza waliendesha majaribio ya kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki. Wakati huo na baada yake walikuwako wakoloni waliodai kuwa Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda kasi wala hila za kamera, na kwamba apewe picha za polepole na visa vyepesi kama apewavyo mtoto uji. Kasumba hiyo ilidumu miaka mingi. Lakini watu wa kile kibanda, ambao wengi wao hawakuwa na elimu zaidi ya shule ya msingi, waliiona saa mkononi mwa mzimu kabla sisi hatujaiona. Walijua sauti ipi imeibwa na picha ipi imebandikwa. Basi mtungaji asemaye kuwa "wananchi wanapenda hivyo hivyo" anarudia maneno ya mkoloni kwa ulimi wake mwenyewe.

Hata wenye mali wamechekwa

Wala tusidhani kuwa kuchekwa ni fungu letu peke yetu, eti kwa sababu sisi ni maskini. Tutazame mfano unaotuhusu hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1898, wakati wa ujenzi wa reli kutoka Mombasa, simba wawili waliwavamia vibarua waliokuwa wakijenga daraja la mto Tsavo, wakala watu kwa miezi kadhaa mpaka walipouawa na mhandisi J. H. Patterson mwezi Desemba mwaka huo. Patterson alikuja kudai kuwa walioliwa walikuwa 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kuwa walikuwa kiasi cha watu 35. Simba wenyewe wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Chicago. Kwa vyovyote vile, hicho ni kisa cha kutisha kwelikweli.

Mwaka 1952 Wamarekani wakakifanya filamu, wakaiita kwa jina lenye neno letu: Bwana Devil. Mtengenezaji wake, Arch Oboler, aliipiga sehemu kubwa katika vilima vya California, akaitangaza kwa ahadi kwamba mtazamaji akivaa miwani maalumu atamwona simba akimrukia mapajani. Watu walifurika, fedha zikaingia, lakini wahakiki waliikejeli, na tangu hapo imekuwa ikitajwa kwa mzaha. Hofu ilikuwa imewekwa katika miwani badala ya kuwekwa katika kisa.

Mwaka 1996 kisa kile kile kikarudiwa kwa fedha nyingi zaidi, katika filamu iitwayo The Ghost and the Darkness. Safari hii walikwenda kupiga picha Afrika Kusini, wakachukua waigizaji mashuhuri, hata wakapata tuzo ya Oscar kwa kazi ya sauti. Lakini simba wa Tsavo hawakuwa na manyoya marefu ya shingoni, nao wa filamu walikuwa nayo, kwa kuwa huyo ndiye simba anayetarajiwa na mtazamaji wa Ulaya na Marekani. Tena akaongezwa mwindaji wa Kimarekani ambaye katika historia hakuwako kabisa. Na yule kibarua, Mhindi au Mwafrika, aliyelala hemani akisikia kitambaa kikipasuka karibu na kichwa chake, ambaye ndiye mwenye hofu ile, akabaki kuwa nyama tu ya kumshibisha simba na kumtukuza bwana mkubwa. Kisa kimerudiwa mara mbili, na mara zote mbili mwenye kisa amesahauliwa.

Uko na mfano mwingine ulio wazi zaidi. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa filamu iitwayo Psycho, ambayo iliwatisha watu ulimwenguni kote. Mwaka 1998 mtengenezaji mwingine, Gus Van Sant, akairudia karibu picha kwa picha na neno kwa neno, akaitia rangi. Ungedhani kuwa kilichotisha mara ya kwanza kitatisha mara ya pili. Wapi! Ilizawadiwa tuzo ya dhihaka, ile wapewayo waliofanya vibaya. Ikiwa Mmarekani mwenye fedha, vyombo na ujuzi aliiga kazi ya wenzake wa nyumbani kwao, kipande kwa kipande, na hofu ikakataa kuja, je, sisi tunaoiga kutoka mbali, tena kwa nusu, twatarajia nini?

Tulivyoazima

Filamu za Kiswahili hazikuanza jana. Kabla ya Uhuru alikuwako Ndugu Rashidi Kawawa, aliyeigiza katika Muhogo Mchungu mwaka 1952, mwaka ule ule wa Bwana Devil. Baada ya Uhuru tulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, na ikatungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976. Wengi wetu tuliokuwa watoto vijijini tunayakumbuka magari ya sinema yaliyokuja jioni, wakatundika shuka jeupe, na kijiji kizima kikakusanyika.

Filamu za video za siku hizi zilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ambapo kanda kutoka Nijeria zilikuwa zimejaa madukani. Wanijeria walikuwa wameanza mapema, tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, na mizimu yao, wachawi wao na wachungaji wao wa kutoa pepo vilikuwa vimekwisha kupata soko. Watungaji wetu wakaona njia imekwisha kulimwa. Tusiwaonee: walikuwako waliotafuta vya kwetu. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, ambayo jina lake limetoka katika lugha ya Wanyakyusa, naye anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa filamu za kutisha za Kiswahili. Lakini wengi waliofuata waliona kuwa ni rahisi zaidi kuazima: kilio cha Hollywood, mapambo ya Lagos, na kisa ambacho hakina kijiji wala kabila wala msimu.

Tukisema haya twaambiwa, "Fedha hakuna." Sisi twajibu kwa kuwaelekeza Uganda. Katika kitongoji cha Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na wenzake walitengeneza mwaka 2010 filamu iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo mno, bunduki zao zikiwa za kuunda kwa mikono. Filamu hiyo inachekesha, lakini inachekesha kwa sababu wenyewe wametaka ichekeshe. Mwenye kuisimulia humcheka mtazamaji kabla mtazamaji hajaicheka. Wamezitazama leso zao wakashona vazi la kiasi chao. Hapa kwetu nako, wasimulizi wa filamu za kigeni kama Lufufu walichukua filamu ya watu, wakaisimulia kwa Kiswahili chenye utani na methali, na ikawa kama ni ngano yetu. Umaskini haukuwazuia, kwa kuwa walichokitia ndani kilikuwa chao.

Hofu ya Singida

Sasa turudi nyumbani tuulize: je, sisi hatuna cha kutisha?

Kati ya mwaka 1946 na 1948 Wilaya ya Singida ilikumbwa na mauaji ambayo hadi leo wazee huyataja kwa sauti ya chini. Watu walikutwa maporini na mashambani wameraruliwa kama walioliwa na simba. Wako walioraruliwa na simba halisi, na wako waliouawa na binadamu waliojifanya simba. Wenyeji waliwaita wauaji hao mbojo. Ilisemekana kuwa walivaa ngozi za simba, na kwamba nyuma yao walikuwako watu waliowafuga na kuwakodisha kwa wenye visasi. Serikali ya kikoloni ilihangaika kutenganisha jeraha la kucha na jeraha la kisu. Kesi zilifika mahakamani na watu wakahukumiwa.

Hebu mtungaji afikirie hofu hiyo. Mtu ameingia nyumbani jioni, amefunga mlango, na nje anasikia nyayo. Swali lake si kama ni simba. Akiwa ni simba, ni afadhali: simba ana njaa, akishiba ataondoka. Swali ni kama nyayo hizo ni za jirani yake. Ndani ya ngozi mna mtu, na mtu huyo anajua jina lako, na pengine jana mmekunywa naye pombe ya mtama katika kata moja. Hofu hiyo haihitaji unga usoni. Yahitaji mlango, giza, na uso wa mwigizaji anayesikiliza.

Bibi zetu walioketi nasi motoni waliijua kanuni hiyo bila kusoma chuo chochote. Hawakuanza kwa mzimu. Walianza kwa nyumba, kuni, mtoto aliyetumwa maji na akakawia. Walimtaja ndugu aliyekuwa mkarimu kupita kiasi. Mzimu wenyewe, kama uliwahi kutokea, ulitokea mwishoni, tena kwa neno moja, na msimulizi akanyamaza akachochea moto. Kila mtoto aliujaza mzimu ule kwa hofu yake mwenyewe. Filamu ya kuazima hufanya kinyume: huuleta mzimu katika dakika ya tano, huuweka katikati ya mwanga, kisha haina la kusema tena.

Pale ambapo hakuna aliyecheka

Tuliahidi kurudi kibandani. Baada ya kicheko cha mbwa na cha upepo, filamu iliendelea hadi ikamtafuta aliyehusika na balaa lote. Ndipo akaonyeshwa bibi kizee, amevaa kaniki, macho mekundu, mkononi ana kibuyu. Hakuna aliyecheka. Mzimu ulikuwa wa uongo, lakini bibi alikuwa wa kweli. Kila mmoja pale alikuwa na bibi kama huyo nyumbani au kwa jirani. Kijana mmoja akapaza sauti, "Ndiye huyo! Mchomeni!" Na katika filamu wakamchoma, na kibanda kikapiga makofi.

Tulipotoka, mlangoni alikuwako bibi akiuza karanga za kuchemsha kwenye ungo, kibatari kikiwaka mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu. Mtu akiyasikia haya anaweza kudhani kuwa tunatunga, lakini ni wanawake wazee wangapi wa mikoa yetu ya kati na ya ziwa ambao macho yao si mekundu, baada ya miaka hamsini ya kupika kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha? Kijana aliyetutangulia alikuwa ameshika sarafu mkononi. Akamtazama bibi yule, akairudisha sarafu mfukoni, akapita. Sisi tulinunua karanga. Lakini hatukumwambia kijana neno lolote, ingawa tulikuwa watumishi wa umma, tena tuliojiita washairi. Ukimya huo ndio unaotusukuma kuandika leo.

Kwa maana twajua sote yaliyotokea nchini. Katika Shinyanga, Mwanza, Tabora na Singida kwetu, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, nayo inamkataza mtu kumtuhumu mwenzake kiholela; lakini mtungaji wa filamu humtuhumu bibi mbele ya watu elfu, na hakuna amwulizaye. Mijadala yetu kuhusu maadili ya filamu mara nyingi imekuwa juu ya urefu wa sketi na busu la wapenzi. Sketi fupi haijapata kumkata mtu panga. Hatusemi kuwa filamu ndiyo iliyoanzisha mauaji hayo. Yalikuwako kabla ya deki. Twasema kuwa filamu iliukuta moto unawaka, ikaleta kuni, na ikatoza kiingilio.

Huo ndio mwisho wa hofu ya kuazima. Mtungaji anaposhindwa kututisha kwa mzimu wake, hugeukia chuki tuliyo nayo tayari, na chuki haihitaji ustadi.

Lifanyike nini?

Hatupendekezi filamu za kutisha zipigwe marufuku. Taifa lisiloogopa kitu halina hekima. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba tulijua kucheza rumba na chachacha tukawa hatuzijui ngoma zetu. Hakusema rumba ifungwe; alisema tusijidharau. Nasi twasema hivyo hivyo. Mtungaji na atazame filamu za Lagos na za Marekani, ajifunze kazi ya kamera na ya taa. Lakini hofu aitafute kwao. Aende Iramba, Manyoni, Ikungi na Mkalama, aketi na wazee, aulize waliogopa nini na kwa nini. Asione haya kumwonyesha bibi kizee. Ila amwonyeshe mlango wake usiku, pale ambapo nyayo zinakaribia na yeye ndiye anayesikiliza. Hapo ndipo penye kisa cha kutisha cha zama zetu, na bado tunangoja kukiona.

Kuweza twaweza. Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na hakuna aliyehitaji kuuvumilia upungufu wake kwa huruma. Kilichofanyika kwa mapenzi na siasa za Zanzibar chaweza kufanyika kwa hofu za Bara.

Kwa watazamaji, neno letu ni fupi. Endeleeni kuucheka mzimu uliovaa saa. Kicheko chenu ni haki na ni elimu. Lakini anapoletwa bibi, na makofi yanapoanza, atokee mmoja wa kusimama na kusema, "Huyo ni mama yangu." Sisi hatukusimama.

Kioo ni chetu sote, tujitazame usoni,
Cha wenzetu tusitete, kwao kinayo thamani,
Hofu ya kwetu tulete, iliyo mwetu moyoni,
Bibi tusimkamate, kwa moshi wake jikoni.